Ushirika wa Loji na Ushirika wa Kanisa: Framasoni ni nani, na sisi tufanye nini?

Masomo: Matendo 2:42-47, Mathayo 5:33-37, Waefeso 6:21-22



Kati ya maswali yanayoletwa kwenye redio yetu, liko moja linalorudi kila mara: framasoni. Kijana anauliza kama ni kweli ukijiunga unapewa gari. Mama anauliza kama anaweza kula chakula kwa shemeji yake, kwa sababu majirani wanasema ameingia huko. Mzee wa kanisa anauliza kama inafaa kumwacha ndugu fulani aendelee kuhesabu sadaka, maana amejenga nyumba ya mabati upesi mno. Wengine wanauliza kwa woga, wengine kwa tamaa. Wote wanastahili jibu la kweli.

Katika karatasi hii tutaeleza loji ni kitu gani, watu wake wanafanya nini wanapokutana, na kwa nini sisi hatuingii. Tena tutasema jambo ambalo halisemwi mara nyingi kwenye mimbari: uvumi juu ya framasoni umevunja nyumba nyingi kati yetu kuliko framasoni wenyewe.

1. Neno na mwanzo wake

Neno framasoni limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni mwashi huru. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema frimasoni, kwa sababu wao walilipokea kwa Kiingereza. Mwashi ni fundi wa kujenga kwa mawe. Zamani huko Ulaya, waashi waliojenga makanisa makubwa walikuwa na kibanda karibu na kazi, mahali pa kuweka vyombo, kula na kupumzika. Kibanda hicho ndicho kilichoitwa loji. Humo mafundi walifundishana kazi, walitunza siri za ufundi wao, na walisaidiana mmoja alipougua au kufa.

Baadaye watu wasio waashi walianza kuingia: wenye mashamba, wasomi, wafanyabiashara, hata wachungaji. Tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London ziliungana na kuunda loji kuu. Mwaka 1723 sheria zao zilichapishwa, zikiwa zimeandikwa na James Anderson, mchungaji wa Kipresbiteri. Kutoka hapo vyombo vya ujenzi vikawa mifano ya mafundisho. Kipimo cha kona ambacho fundi wa nyumba anatumia kikawa mfano wa tabia iliyonyooka. Bikari ya kuchorea duara ikawa mfano wa kujizuia. Aproni ya kazi ikawa vazi la mkutano.

Wana ngazi tatu za kwanza: mwanafunzi, fundi mwenzi, na fundi bwana. Katika ngazi ya tatu wanaigiza habari ya Hiramu, fundi wa hekalu la Sulemani, anayeuawa kwa sababu amekataa kutoa siri. Msomaji wa Biblia aangalie vizuri hapa. Hiramu wa Tiro yumo katika 1 Wafalme 7:13-14, fundi wa shaba, mwana wa mjane. Lakini kuuawa kwake hakumo katika Biblia. Hiyo ni hadithi ya loji.

Tena framasoni si kundi moja lenye mkuu mmoja wa dunia nzima. Wale wanaofuata Uingereza wanamdai kila mwanachama amwamini Mungu, bila kusema Mungu wa dini gani. Wale wa Ubelgiji mwaka 1872, na wa Ufaransa mwaka 1877, waliondoa sharti hilo, na Waingereza wakavunja uhusiano na Wafaransa. Mpaka leo familia hizi mbili hazitambuani rasmi.

2. Jinsi loji ilivyofika kwetu

Huku kwetu milimani hatujaona jengo la loji. Lakini katika nchi yetu si jambo la jana. Kabla ya vita ya 1914 loji zilikuwa zimekwisha kufunguliwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na Elisabethville, yaani Lubumbashi. Zilikuwa za Wazungu: watumishi wa serikali ya Kibelgiji, watu wa reli na wa makampuni. Mwafrika hakukaribishwa. Jambo hilo tulikumbuke tunaposikia kwamba loji ni undugu wa watu wote, maana undugu huo ulisimama kwenye rangi ya ngozi kwa muda mrefu.

Upande wa Afrika Mashariki, loji za Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa chini ya wilaya moja inayotegemea loji kuu ya Uingereza, na jumba lao la Nairobi linajulikana. Mmoja wa wakuu wao, Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2017, hakujificha. Aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2005, na alizungumza hadharani juu ya chama chake.

Upande wa magharibi wetu mambo yalichukua sura nyingine. Brazzaville, ng'ambo ya mto, Rais Denis Sassou Nguesso amejulikana kama mkuu wa loji kuu ya nchi yake. Gabon, Ali Bongo aliwekwa kuwa mkuu wa loji kuu mwaka 2009, mwaka ule ule alipochukua kiti cha baba yake. Watu walipoona hayo walisema: kumbe mamlaka yanatoka huko. Lakini tarehe 30 Agosti 2023 askari walimwondoa Ali Bongo madarakani, na loji haikumwokoa. Anayeingia huko akitafuta ulinzi, ajue hilo.

3. Jioni moja ndani ya loji

Wengi wanafikiri kwamba ndani kuna damu na majeneza ya watoto. Tueleze taratibu zinazojulikana, kwa kuwa vitabu vya framasoni wenyewe vimezieleza kwa miaka mingi.

Mkutano wa desturi ya Kifaransa unaanza kwa mlango kufungwa na mlinzi kusimama. Mkuu wa loji, anayeitwa Mheshimiwa, anafungua kazi kwa maneno yaliyopangwa. Mwandishi anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Barua kutoka loji nyingine zinasomwa. Mtu mmoja anatoa somo alilolitayarisha, na wengine wanazungumza kwa zamu. Hakuna kukatana maneno. Loji za desturi ya Kiingereza zinakataza kabisa kubishana juu ya siasa na dini.

Kisha iko kazi ya mtu anayeshughulikia rehema. Huyu anatoa habari: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hajaonekana, na kwa nini. Mfuko unapitishwa ambao wanauita mfuko wa mjane, kwa sababu ya Hiramu mwana wa mjane. Kila mtu anaingiza mkono wake, hata asiye na kitu, ili asijulikane nani ametoa na nani hakutoa. Mwishoni wanashikana mikono kwa kuzunguka, halafu wanakula pamoja. Chakula hicho wanakiita agape. Neno hilo ni la Kigiriki, ndilo Yuda analolitumia katika mstari wa 12 wa waraka wake anapotaja karamu za upendo za Wakristo wa kwanza.

Mtu mpya hapokelewi mpaka achunguzwe na kupigiwa kura. Desturi ya zamani ni gololi nyeupe na nyeusi: nyeusi zikionekana, anakataliwa. Akikubaliwa, siku ya kuingia anafungwa kitambaa machoni, anaongozwa kwa mkono, anaapa kutunza siri, ndipo kitambaa kinaondolewa na kuambiwa kwamba amepokea nuru.

Ukiondoa kiapo na kitambaa, vingi kati ya hivyo tunavijua. Kusoma habari za ndugu, kuuliza nani hayupo, kumchangia mjane, kula pamoja: hayo ni ya Matendo 2. Kwa hiyo tusishangae kwamba watu wazima, wenye elimu, wanavutwa. Wengi hawavutwi na shetani mwenye pembe. Wanavutwa na meza ambapo mtu anajulikana kwa jina na akikosa anatafutwa.

4. Kwa nini hatuingii

Kama mambo ni hayo, mtu atauliza, ubaya uko wapi? Tuna sababu tatu, na hakuna hata moja inayohitaji hadithi za kutisha.

Ya kwanza ni kiapo. Mtu anaapa kabla ya kujua yote anayoyaapia. Katika Mathayo 5:33-37 Bwana Yesu anatukataza kuapa. Anataka ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Yakobo 5:12 anarudia hilo kwa mkazo. Zamani kiapo cha loji kilitaja adhabu za kukatwa mwili. Waingereza wenyewe waliona ni aibu, na mwaka 1986 waliziondoa katika kiapo. Lakini kufungwa kwa kiapo kulibaki. Mkristo amekwisha kununuliwa kwa thamani. Hana haki ya kuikabidhi dhamiri yake mahali ambapo hajaona mwisho wake.

Ya pili ni siri. Katika Yohana 18:20 Yesu anamwambia kuhani mkuu kwamba alifundisha wazi, mbele ya watu, wala hakusema neno kwa siri. Injili inahubiriwa sokoni. Mume anayeficha mkutano wake mbele ya mke wake, au mzee wa kanisa anayewaficha wazee wenzake, amekwisha kujenga ukuta ndani ya nyumba, hata kama nyuma ya ukuta huo hakuna kitu kibaya.

Ya tatu ni nuru. Ili Mwislamu, Mhindu na Mkristo waketi pamoja bila kuumizana, loji nyingi zinaacha jina la Yesu nje ya sala zao, na Mungu wanamwita Msanifu Mkuu wa Ulimwengu. Kuishi kwa amani na jirani wa dini nyingine ni jambo jema, tena tunalihitaji sana. Lakini kupiga magoti mbele ya watu na kukubali kwamba ulikuwa gizani mpaka ulipofika loji, wewe uliyebatizwa, ni kumkana yule aliyekutoa gizani.

Si sisi peke yetu tunaosema hivyo. Kanisa Katoliki lilikataza waamini wake tangu mwaka 1738, na Roma ilirudia katazo hilo mwaka 2023. Wamethodisti wa Uingereza mwaka 1985, na Kanisa la Anglikana la huko mwaka 1987, walitoa ripoti zilizoonyesha mashaka makubwa kama mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja.

Na kama yuko ndugu aliyekwisha kuapa? Mambo ya Walawi 5:4-6 inamfikiria mtu aliyeapa bila kufikiri. Anatubu, anakiri, na Mungu anamsamehe. Hahitaji kulipa mtu dola za kumfungua. Aje kwa mchungaji wake mchana, atapokelewa.

5. Uvumi umetufanya nini

Sasa tuje kwenye jeraha letu. Mwaka 1885 huko Ufaransa mwandishi mmoja, Léo Taxil, alitangaza kwamba ameokoka na kurudi kanisani. Kwa miaka kumi na miwili aliandika vitabu juu ya framasoni: kwamba wanamwabudu shetani, kwamba shetani anawatokea, na kwamba mwanamke aitwaye Diana Vaughan ameyashuhudia yote. Wakristo walinunua vitabu hivyo kwa wingi, na maaskofu walivisifu. Tarehe 19 Aprili 1897 aliita watu ukumbini Paris, akawaambia wazi kwamba ametunga yote, na kwamba Diana Vaughan ni jina tu la mwandishi wake wa mashine. Watu wa Mungu walikuwa wamekula uongo miaka yote hiyo kwa sababu ulifanana na walichotaka kusikia. Hadithi nyingi tunazosikia leo zimetoka katika chungu hicho.

Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na mwenyekiti wake alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilifika bungeni mwaka 1999. Wakati wote huo uvumi haukungoja ripoti: ulitembea shuleni na makanisani, na kila aliyetofautiana na wenzake aliweza kutajwa.

Hapa kwetu je? Kijana anarudi kutoka machimbo ya Rubaya na pikipiki mpya: framasoni. Mama anauza jibini na maharagwe mpaka Goma, anapanua duka: framasoni. Mtoto anakufa kwa malaria, na baba yake ni mwenye mali: amemtoa mwanawe. Baba huyo amezika mtoto, na siku ya pili ndugu wa kanisa hawaji kukaa naye msibani. Tujiulize mbele za Mungu: kati ya loji ambayo hatujaiona na ulimi wetu, ni nani aliyemwacha mtu huyu peke yake?

Kutoka 23:1 inatukataza kuchukua habari ya uongo. Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu, na Paulo anarudia sharti hilo kwa Timotheo juu ya wazee wa kanisa. Ndoto haitoshi kuwa shahidi, wala mabati mapya, wala unabii wa mtu anayedai alipwe kabla ya kusema. Kama una shaka juu ya ndugu, Mathayo 18:15 inakutuma kwake yeye mwenyewe, ninyi wawili tu. Ukiwa huna ujasiri wa kumuuliza, usiwe na ujasiri wa kumsema.

Uvumi huo huo unawalisha pia wezi. Vijana wanapata ujumbe kwenye simu: jiunge na framasoni au Iluminati, tuma dola 50 za fomu, utapokea maelfu. Jueni hili. Iluminati lilikuwa kundi jingine, lililoanzishwa na Adam Weishaupt huko Bavaria, Ujerumani, tarehe 1 Mei 1776, na serikali ya huko ikalipiga marufuku baada ya miaka michache. Anayekuandikia leo kwa jina hilo anataka dola 50 zako tu. Ukituma, ataomba 100 nyingine. Kijana aliyepoteza fedha hivyo mara nyingi ananyamaza, kwa sababu akisema tutamwita framasoni. Wazazi na wachungaji, tuwe watu ambao kijana anaweza kuwaambia.

6. Habari zetu na ushirika wetu

Tulisema kwamba watu wanavutwa na meza ambapo wanajulikana. Basi dawa haiko katika kukemea loji tu. Dawa ni kutengeneza meza yetu.

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni alimtuma Tikiko kwa Waefeso na kwa Wakolosai. Tikiko alibeba barua, tena alibeba habari: Paulo ana hali gani, anafanya nini. Paulo mwenyewe anasema alimtuma ili mioyo yao ifarijike. Kwa hiyo kupashana habari ni huduma. Katika Warumi 16 anasalimia watu wengi kwa majina, mmoja mmoja. Na katika Matendo 6, kanisa changa lilipoambiwa kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa, halikusema ni maneno ya watu. Lilichagua watu saba wa kuhudumia jambo hilo.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunalihitaji hilo kuliko wengi. Vita imetutawanya. Nyumba moja ina baba Muheto, mama kambini, watoto kwa shangazi Goma, na kijana machimboni. Mtu anaweza kukosa ibada miezi miwili, na kwenye benchi lake akaketi mwingine, bila yeyote kuuliza. Ndipo anapotokea mwingine anayeuliza.

Tunaomba basi kila selula ya maombi ifanye mambo haya manne, kuanzia wiki hii.

Iwe na daftari la majina. Kabla ya somo, majina yasomwe, na asiyekuwepo atajwe kwa upendo: nani amemwona, nani ataenda kwake.

Awepo Tikiko wa selula, ndugu au dada mmoja mwenye ulimi uliotulia, anayekusanya habari za wagonjwa, wafiwa na waliohama, na kuzileta bila kuongeza chumvi. Redio yetu itasaidia kutangaza habari za waliopotezana, kwa ruhusa ya wenyewe.

Kiwepo kikapu cha mjane. Kila mmoja aingize mkono, mwenye kitu na asiye na kitu, asijulikane nani ametoa. Hesabu isomwe wazi mbele ya wote, ili kusiwe na siri.

Na mara moja kwa mwezi tule pamoja, hata kama ni viazi na maharagwe. Mwenye kushukiwa aalikwe wa kwanza, aketi katikati.

Wapendwa, kama loji inamkumbuka mjane wake na sisi tunamsahau wetu, tutamwambia nini kijana anayetuuliza tofauti iko wapi? Nuru tunayo. Kwa mujibu wa 1 Yohana 1:7, anayeenenda nuruni anaonekana kwa jambo hili: ana ushirika na wenzake.

Tuombe: Bwana, utuponye ulimi. Uwarudishe waliopotea njia na waliopotezwa na vita. Utufundishe kuulizana hali, mlango ukiwa wazi, kwa jina la Yesu. Amina.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni nani katika selula yetu ambaye hatujamwona mwezi huu? Ni jina gani tulilolisema vibaya bila shahidi, na tutaenda lini kulisafisha?